Kutoka Ubao wa Chuoni Mpaka Kishikwambi: Mtoto wa Lukuledi na Kusoma Kwake



Msafiri atokaye Masasi kwenda Nachingwea hupita Lukuledi. Jina hilo ni la mahali, na tena ni la mto, ambao huteremka kuelekea mashariki mpaka ukamwaga maji yake katika Bahari ya Hindi huko Lindi. Katika nchi hiyo, na juu yake katika uwanda wa Makonde uliko mji wa Newala, wamekaa pamoja tangu zamani Wamakua, Wayao, Wamakonde na Wamwera. Wamelima pamoja, wameoana, na wengi wao wamesali katika msikiti mmoja. Lakini kila watu wana lugha yao, na lugha hiyo ndiyo mtoto anyonyayo pamoja na maziwa ya mama yake.

Basi natumtazame mtoto mmoja wa huko, mwenye umri wa miaka saba, aliyeingia darasa la kwanza mwaka huu. Alfajiri bibi yake humwamsha kwa Kimakua. Saa mbili mwalimu wa shule humsomesha kwa Kiswahili. Kabla hajamaliza shule ya msingi atatakiwa ajue pia Kiingereza, kwa kuwa ndicho atakachosomea katika sekondari. Na alasiri, akisha kula, huchukua juzuu yake akaenda chuoni, ambako herufi ni nyingine na mstari huanza kulia kwenda kushoto. Lugha nne, na maandishi ya namna mbili, juu ya kichwa kimoja kidogo!

Watu wengi wakisikia hayo husema, "Maskini, mtoto huyu ataelemewa." Sisi hatusemi hivyo. Mtoto mwenye lugha nne ni tajiri. Lakini tajiri naye huweza kufa njaa ikiwa hakufunguliwa ghala yake. Khofu yetu ni kwamba mtoto huyu aweza kuzibeba lugha nne masikioni, asiweze kusoma hata moja kwa ufahamu. Na siku hizi, tunapoambiwa kwamba dawa ya jambo hili ni mashine zitakazotiwa darasani, imetupasa tuulize: mashine hizo zasaidia nini, kwa masharti gani, na sisi wazee wa nyumba fungu letu ni lipi?

KHABARI ILIYOTUSHTUA

Hapana faida kuficha ugonjwa. Baada ya uhuru nchi yetu ilisifiwa ulimwenguni kwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa yapata 67 katika kila 100. Lakini kwa juhudi kubwa ya elimu ya watu wazima, kwa madarasa ya chini ya miembe na kwa redio, mwaka 1986 walikuwa wamebaki kama 10 tu katika kila 100. Hiyo ilikuwa fakhari yetu.

Kisha mwaka 2010 watafiti wa Uwezo walikwenda nyumba kwa nyumba kuwapima watoto wenyewe. Waliona kwamba katika kila wanafunzi kumi wa darasa la tatu, watatu tu waliweza kusoma hadithi nyepesi ya Kiswahili ya kiasi cha darasa la pili. Na hadithi ya Kiingereza ya kiasi hicho iliwezwa na mmoja tu katika kumi. Watoto walikuwa madarasani, kwani shule zilijaa. Ila kusoma hakukuwa kumeingia ndani yao. Ndiyo sababu mtaala wa mwaka 2015 ulikaza madarasa ya kwanza na ya pili yashughulikie zaidi kusoma, kuandika na kuhesabu, na Kiingereza kikasogezwa kianze darasa la tatu.

SAUTI KWANZA, HERUFI BAADAYE

Ili tujue mashine itasaidia wapi, hatuna budi kujua kwanza kusoma ni kitu gani. Kusoma ni kuifanya alama iliyoandikwa irudi kuwa sauti, na sauti irudi kuwa maana. Asiyeisikia sauti sawasawa hawezi kuishika herufi yake. Na asiyeijua maana, hata akitamka vizuri, anaimba tu.

Wazee wetu waliijua siri hii. Mtoto wa chuoni aliandikiwa juu ya ubao kwa wino wa masizi na kalamu ya mtete, akafundishwa majina ya herufi, kisha akatiliwa irabu: herufi hiyo hiyo moja, kwa irabu hii husomwa hivi, na kwa irabu ile husomwa vile. Akisha kuhifadhi, ubao ulioshwa ukaandikwa mwingine. Ubao ule ulikuwa ni chombo cha darasani, chenye bei ndogo, kisichohitaji umeme. Na jambo lenyewe alilofundishwa, yaani konsonanti moja kupokea irabu mbalimbali, ndilo hilo hilo afundishwalo shuleni anapoambiwa ba, be, bi, bo, bu. Mtoto aliyekwisha fahamu irabu za chuoni ana ufunguo wa Kiswahili mkononi mwake, ikiwa mwalimu wake wa shule atajua kumwonyesha kwamba mlango ni mmoja. Ni hasara kubwa kwamba mara nyingi mwalimu wa chuo na mwalimu wa shule, ambao wafundisha mtoto mmoja katika siku moja, hawajapata kukaa pamoja wakalizungumza jambo hili.

Kiswahili kina neema nyingine: maandishi yake hayadanganyi. Herufi isomwavyo leo ndivyo itakavyosomwa kesho. Kiingereza sivyo; herufi c mara husomwa kama k, mara kama s, na irabu moja huwa na sauti kadha wa kadha. Kwa hiyo mwenye akili huanza kwa Kiswahili, akajenga msingi, kisha akakiendea Kiingereza akiwa amekwisha kuwa msomaji. Kusoma hufundishwa mara moja tu katika maisha. Lugha ya pili hupewa msomaji aliyekwisha pikwa.

Lakini hata Kiswahili kina kizingiti chake kwa mtoto wa Lukuledi. Wataalamu wa lugha wameeleza kwamba Kimakua asilia hakina sauti za b, d na g kama tuzitamkavyo katika Kiswahili, wala hakina miungano kama mb na nd. Badala yake chapambanua p, t, na k zilizo nyepesi na zile zitolewazo kwa pumzi. Ndiyo maana kile tukiitacho nyumba Mmakua hukiita enupa, na wengine inupa. Mtoto wa nyumba hiyo akiandikiwa baba na papa, huenda masikio yake yasione tofauti yoyote. Akikosea, mwalimu asiyejua humdhania mzito wa akili, humchapa au humkalisha nyuma. Naye kosa lake ni kwamba alilelewa vema katika lugha ya mama yake.

Ng'ambo ya mto Ruvuma, katika nchi ya Msumbiji, wako ndugu wa watu hawa hawa. Huko walitazama jambo hili wakaona heri mtoto aanze kusoma kwa lugha ya nyumbani, kisha apelekwe polepole kwenye Kireno. Walijaribu kwanza katika miaka ya 1990, na tangu mtaala mpya wa mwaka 2003 Kimakua, Kimakonde na Kiyao zimekuwa miongoni mwa lugha za madarasa ya mwanzo. Sisi Tanzania tulifuata njia nyingine: tangu mwaka 1967 Kiswahili ndiyo lugha ya shule ya msingi. Njia yetu ina hoja yake, kwa kuwa Kiswahili na lugha zetu za kienyeji ni watoto wa mama mmoja, na daraja baina yao ni fupi. Lakini daraja fupi nalo lataka kujengwa. Na hapa ndipo chombo kiwezapo kufaa.

MASHINE ZIMEKWISHA PITA KWETU

Isidhaniwe kwamba habari ya mashine ni ngeni kusini. Mwaka 2011 mkoa wa Mtwara, ambamo Masasi na Newala zimo, ulichaguliwa pamoja na Zanzibar kwa mradi uitwao TZ21, uliosaidiwa na Marekani. Nia yake ilikuwa kuinua usomaji wa madarasa ya chini, na miongoni mwa vyombo vyake zilikuwamo komputa. Mwaka 2016 ukafuata mwingine, Tusome Pamoja, katika mikoa ya Mtwara, Ruvuma, Iringa na Morogoro na huko Zanzibar, uliotilia mkazo mafunzo ya walimu, usimamizi, na wazazi kushirikiana na shule. Zanzibar yenyewe tangu mwaka 2006 ilikuwa na masomo ya redio yaitwayo Tucheze Tujifunze, ambayo yaliwafundisha watoto wadogo Kiswahili, Kiingereza na hesabu kwa nyimbo na michezo, hata mahali palipokuwa hapana darasa la kujengwa. Na shule zilipofungwa kwa ajili ya maradhi ya Korona, tangu Machi mpaka mwisho wa Juni mwaka 2020, redio na televisheni ndizo zilizokuwa mwalimu wa watoto wengi.

Kisha yakaja majaribio mawili ambayo kila mzazi yafaa ayajue.

La kwanza lilifanywa katika mkoa wa Tanga. Mashindano ya kimataifa yaitwayo Global Learning XPRIZE yaliwataka mafundi wa ulimwengu watengeneze masomo ya kumwezesha mtoto ajifundishe mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Vibao vya umeme, ambavyo siku hizi twaviita vishikwambi, vilipelekwa vijijini pamoja na mitambo ya nguvu ya jua, wakapewa watoto ambao wengi wao walikuwa hawajapata kuingia shule. Mwanzoni zaidi ya 90 katika kila 100 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mwezi wa Mei 2019 washindi wawili, onebillion na Kitkit School, waligawana zawadi ya dola milioni 10.

Ni jambo la ajabu, wala hatulidharau. Lakini natulipime kwa mizani zote mbili. Mtoto asiye na mwalimu, akipewa mashine iliyosema lugha anayoifahamu, alipata kitu. Hilo ni upande mmoja. Upande wa pili ni kwamba baada ya miezi 15, katika kila watoto kumi yapata wanne au zaidi walikuwa bado hawasomi hata neno. Mashine peke yake ilimfikisha mtoto nusu ya njia. Nusu iliyobaki yamtaka mtu.

Jaribio la pili lilifanywa Kisumu, Kenya, katika shule zilizofundisha kusoma kwa Kiswahili na Kiingereza, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2016. Huko walijaribu njia tatu. Kundi moja, vishikwambi walipewa washauri wanaozunguka kuwatembelea walimu. La pili, walipewa walimu wenyewe. La tatu, wanafunzi walipewa vyombo vya kusomea. Watafiti waliona kwamba watoto wa makundi yote waliendelea mbele, lakini haikuonekana wazi kwamba kundi moja limelishinda jingine. Wala mashine hazikuzidi kwa dhahiri faida iliyokwisha patikana kwa vitabu vizuri na mafunzo ya walimu peke yake. Bali gharama zilitofautiana sana: chombo kimoja katika mkono wa mshauri huwafikia walimu wengi, na chombo kwa kila mtoto ni ghali mno.

Tunalofunzwa na majaribio haya mawili ni moja: chombo hakisomeshi. Msomeshaji ni mtu, naye husomesha kwa chombo. Na chombo kisichosema lugha ya mtoto, au kisicho na mwalimu wa kukiongoza, ni mapambo ya kabati.

KISHIKWAMBI KATIKA MKONO WA MWALIMU

Katika Sensa ya Agosti 2022 makarani walihesabu watu kwa vishikwambi. Kazi ilipokwisha, Serikali iliamua wagawiwe walimu. Hatua hiyo ilikuwa njema, kwa kuwa ilikiweka chombo mahali pake, yaani katika mkono wa mwalimu. Sasa swali ni moja: mwalimu wa darasa la kwanza atakifanyia nini? Twaona kazi tatu.

Kazi ya kwanza ni sauti. Mwalimu aweza kurekodi maneno mawili mawili, baba na papa, dada na tata, gari na kari, akawasikizisha watoto na kuwataka wainue mkono wasikiapo tofauti, kabla ya kuandika herufi yoyote ubaoni. Kisha amrekodi mtoto mwenyewe akisoma, amrudishie sauti yake aisikilize. Mtoto hujisahihisha upesi anapojisikia mwenyewe kuliko anapokemewa. Na kwa Kiingereza faida hii huzidi, maana walimu wetu wengi nao walijifunza lugha hiyo ukubwani.

Kazi ya pili ni vitabu. Katika shule nyingi za vijijini kitabu kimoja hushirikiwa na watoto kadha, nacho kikisha kusomwa mara mbili huwa kimehifadhiwa kwa kichwa, si kwa macho. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vyake katika maktaba ya mtandao, na African Storybook, iliyoanza huko Afrika Kusini, hutoa bure hadithi fupi zenye picha kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Mwalimu akienda mjini penye mtandao mzuri aweza kuzipakua hadithi ishirini, akarudi nazo kijijini, akazisoma pasipo mtandao.

Kazi ya tatu ni kuziunganisha lugha. Bibi asimulie ngano kwa Kimakua au Kiyao, nayo irekodiwe. Darasani mtoto aisikilize, kisha aisimulie kwa Kiswahili, mwalimu aiandike ubaoni kwa maneno ya mtoto, watoto waisome, na baadaye, katika madarasa ya juu, wachukue maneno machache yake wayajue kwa Kiingereza. Hapo mtoto huona kwamba maandishi si kitu cha ugenini, bali ni sauti ya bibi yake iliyokaa juu ya ubao.

FUNGU LA WENYE NYUMBA

Labda mzazi atasema, "Haya ni ya walimu, mimi sikusoma." La, ndugu yetu. Mengi ya hayo yamo mkononi mwako.

Kwanza, sema na mwanao kwa lugha yako, kwa ukamilifu wake. Usimvunjie Kimakonde chako ukidhani wamsaidia Kiswahili. Vitendawili, ngano na mazungumzo ya jioni ndiyo ghala ya maana ambayo kusoma kutachota humo.

Pili, kila siku baada ya Magharibi, mtoto akusomee kwa robo saa. Hata kama hujui herufi moja, tazama kidole chake: kikifuata maneno, anasoma, macho yakiwa juu ya dari na mdomo unakwenda, amehifadhi. Na hivyo hivyo kwa juzuu yake. Mwambie akueleze alichosoma. Kijana aliyemaliza shule na asomee mdogo wake. Hiyo ni sadaka isiyopunguza mfuko.

Tatu, simu. Ziko nyumba ambazo simu ya baba ndiyo mashine pekee, nayo hutumiwa kwa bei ya korosho na kwa mizaha. Redio na televisheni nazo zina vipindi vizuri vya watoto. Ubongo Kids, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2014 na kutengenezwa Dar es Salaam, hufundisha kwa Kiswahili safi. Lakini twajua khofu ya wazee kwamba kwa mlango huo huo hupita na machafu. Khofu hiyo ni ya haki. Dawa yake ni kukaa mlangoni: mtoto asipewe simu akajifungia nayo, aitumie mbele ya mkubwa, kwa muda uliopimwa, kwa kitu kilichochaguliwa, kisha irudi kwa mwenyewe.

Nne, katika mkutano wa shule, kabla hamjashangilia ahadi ya mashine, ulizeni maswali manne: Yasema lugha gani? Itapata wapi umeme, wa waya au wa jua? Ikiharibika nani ataitengeneza? Na mwalimu amefundishwa kuitumia? Likikosekana jibu la moja, heri fedha hizo zinunue vitabu.

TUSICHELEWE MARA YA PILI

Wazee wetu wa kusini waliiogopa shule, na khofu yao haikuwa bila sababu. Misheni ya Kiingereza ilifika Masasi mwaka 1876, na ya Wabenediktini ikajengwa Lukuledi mwaka 1895. Shule nyingi zilikuwa za misheni, na mzazi wa Kiislamu alidhani akimtoa mwanawe atampoteza. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliondoa sababu hiyo, shule zikawa za wote. Lakini miaka iliyopotea haikurudi, na wako wajukuu ambao hata leo wailipa. Basi sasa mlango mwingine umefunguliwa. Tukiuogopa wote tutachelewa; na tukiuingia kwa pupa, tukidhani mashine itafanya kazi ya mwalimu na mzazi, tutatoka mikono mitupu.

Wahyi wa kwanza ulioteremshwa kwa Mtume wetu (S.A.W.) ulikuwa ni amri ya kusoma, na ukaitaja kalamu. Na baada ya vita vya Badri, wale mateka waliojua kuandika lakini hawakuwa na mali ya kujikombolea, fidia yao ilikuwa kuwafundisha watoto wa Madina. Kila mmoja aliambiwa akae na watoto mpaka wajue. Hakutakiwa kutoa kalamu wala karatasi akaenda zake. Ndivyo tuwaombavyo walimu na wazazi wa Lukuledi, Masasi na Newala: ubao na uwepo, na kishikwambi na kiwepo, lakini karibu yake akae mtu, mpaka mtoto ajue.

Wa billahi tawfiq.